Bawasiri za Mtaa Mzima Zimo Simuni Mwangu

Katika mtaa wetu mzima, mwanamke aliyevuka miaka sabini na anayeelewa jinsi programu inayoishi kwenye wingu inavyounganishwa na mtandao wa faragha wa kliniki ni mmoja tu. Ndiye mimi.

Nilielewa Jumapili, wakati wa chai. Chai ilipopoa nilikuwa nimeshasahau, ikabidi nielezwe upya kwa vikombe na kijiko kama mtoto wa chekechea.

Kwa wale ambao wiki iliyopita gazeti lao lilifungiwa maandazi kabla hawajasoma, ngoja niwarudishe nyuma kidogo.

Naishi na mjukuu wangu, binti wa binti yangu, kwenye nyumba ya kupanga, chumba na sebule. Yeye ni mhandisi wa mitandao. Hapa namwita Mhandisi, maana ameapa kwamba siku nikiandika jina lake gazetini atanipeleka nikaishi kwa mke wa mwanangu.

Yuko kwenye majaribio ya kazi katika kliniki moja inayotibu yale mambo ambayo watu huyasema kwa kunong'ona: mkojo unaogoma, mkojo usiosubiri, na bawasiri. Kazi ni moja, wanaoigombea ni wawili. Wa pili ni kijana ninayemwita Fundi Mawingu, mjenzi wa programu, suruali imembana hadi unamhurumia anapoinama. Ijumaa, Daktari Mkuu, ambaye ndiye mwenye kliniki, anamchukua mmoja na mwingine anamshukuru.

Mhandisi akishukuriwa, hatuna tena chumba wala sebule. Yeye anarudi kwa wazazi wake, mwendo wa kutwa nzima. Mimi nachukuliwa na huyo mke wa mwanangu, mwanamke anayefungia sukari kabatini kwa kufuli na kulala na ufunguo chini ya mto.

Wiki iliyopita niliwaacha pale Daktari Mkuu alipouliza mzee gani angependa kuijaribu programu mpya ya mapokezi, nami, niliyekuwa foleni na wagonjwa wenzangu, nikanyoosha mkono hata sentensi haijaisha.

"Sharti langu ni moja," akasema. "Mjaribu asiwe ndugu wa mtu aliyeijenga. Ndugu husifia hata upuuzi." Kisha akamwelekezea kidole Mhandisi, aliyekuwa chini ya meza anavuta waya. "Yule unamfahamu?"

"Nani, yule binti?" nikasema. "Ndiyo kwanza namwona. Mzuri, ila hali vizuri."

Kule chini ya meza nikasikia kichwa kikigonga ubao. Ngo!

Hapo ndipo tulipoishia.

Tulipofika nyumbani hakuvua hata viatu.

"Bibi, umenimaliza."

"Nimekumaliza vipi, mke mwenzangu? Nimekusifia kwamba u mzuri."

"Umesema hunijui! Mbele ya Daktari! Mtu aliyenikogesha nikiwa mchanga anasema ndiyo kwanza ananiona!"

"Ulikuwa chini ya meza. Sura hukuonyesha."

"Bibi!"

"Sikiliza. Yule wa suruali ya kubana anakutazama kama paka anayetazama jiko. Lazima mtu mzima awepo pale. Tena kuna chai ya bure na watu wa kuzungumza nao. Hapa nyumbani nazungumza na pazia."

Akakaa, akashika kichwa mahali palipovimba. Nikampa kitambaa cha maji baridi. Akasema kesho asubuhi ananipeleka kwa Daktari nikaseme ukweli. Nikasema sawa. Nilijua hatafanya hivyo, kwa sababu kesho yake programu ilikuwa inaunganishwa, na mtu anayeunganisha programu huwa hakumbuki hata kuchana nywele.

Ndipo nikamwomba anieleze hasa anachounganisha, ili nikiulizwa nisitoe macho.

Akachukua kikombe, akakiweka ukingoni mwa meza. "Hii ndiyo programu. Mgonjwa anafika mapokezi, anaandika namba yake ya simu kwenye tableti, inamwonyesha jina lake, ugonjwa wake na zamu yake. Hana haja ya kumtajia karani bawasiri mbele za watu."

"Safi."

"Lakini programu yenyewe haikai klinikini. Inakaa kwenye wingu."

"Hilo wingu ni nini hasa? Usinidanganye."

"Ni kompyuta za watu wengine, ziko mbali, tumezikodi."

"Kumbe ni mpangaji kama sisi."

"Haswa. Mpangaji, na nyumba yake inatazama barabarani." Akavuta bakuli la sukari, akalizungushia mkono wake. "Hizi ni taarifa za wagonjwa. Zimo kwenye mtandao wa faragha wa kliniki. Fikiria ua wenye ukuta pande zote, hauna lango la barabarani. Kazi yangu ni kumchimbia mpangaji njia ya kupita chini ya ukuta, afike kwenye sukari bila kukanyaga barabara." Akaweka kijiko kati ya kikombe na bakuli. "Na huku ndani ya ua lazima nimtengee chumba chake. Kitupu. Hakai na mtu."

"Ana maringo."

"Sana. Akikuta hata ndoo ya mtu mwingine, haingii."

Nikafurahi. Nikaelewa. Chai ikapoa.

Jumatatu, wasomaji wangu, mpangaji akakuta ndoo.

Mimi nilikuwa kwenye viti vya kungojea, nimevaa beji yangu ya MJARIBU, nimejikausha kama mtu asiyemjua yeyote. Daktari Mkuu amesimama, mikono kifuani. Mhandisi akabonyeza. Programu ikakataa kuunganishwa. Akabonyeza tena. Ikakataa kwa maandishi mekundu.

"Nilihofia hili," akasema Fundi Mawingu kwa ile sauti ya mfiwa. "Upande wangu programu iko sawa. Tatizo ni mtandao."

Daktari akamgeukia Mhandisi. Mhandisi aliinamia kompyuta yake, vidole vinakimbia. Mimi nikavuta pumzi, nikawa nimeshaanza kuliona lile kabati la sukari.

"Fundi," akasema mwishowe, bila kuinua kichwa. "Ndani ya kile chumba kuna mashine ya majaribio. Si yangu. Ni ya nani?"

Fundi akakohoa. "Aa... ile. Ile niliiweka kwa muda tu."

"Kwenye chumba cha mgeni?"

"Nilidhani kuna nafasi."

"Iondoe."

Akaiondoa. Mhandisi akabonyeza tena, nikaitwa kuandika namba yangu, na kufumba na kufumbua tableti ya mapokezi ikaandika jina langu, umri wangu (nusu ya chumba wakausoma, laana) na ugonjwa wangu ambao hauwahusu. Watu wakapiga makofi. Na nani alisimama kupokea makofi, mkono mmoja moyoni, anainamisha kichwa kama bwana harusi? Fundi Mawingu.

"Kijana mchapakazi," Daktari akamnong'oneza muuguzi.

Nilitamani kumwagia chai. Lakini chai ilikuwa ya bure, na mimi si mharibifu.

Sasa njooni kwenye Jumanne, siku ambayo uvivu wangu ulifanya kazi ya watu wazima.

Maagizo ya wajaribu yalikuwa haya: njoo klinikini, kaa pale pa kungojea, ungana na waifai ya kliniki, ifungue programu kwenye simu yako, ichezee, sema kinachokukera. Lakini asubuhi ile magoti yalikuwa yamefanya mkutano na kukubaliana kutonyanyuka. Na vile viti vya kliniki, Mungu anisamehe, vimetengenezwa na mtu ambaye hakuambiwa kliniki inatibu nini.

Nikasema, aka, nitafanyia kazi kitandani. Intaneti ipo, ile ninayogawiwa kutoka simu ya Mhandisi, maana bando langu mimi huwa linafia kwenye video za watu wanaoteleza.

Nikaandika anwani ya programu. Ikafunguka vizuri kabisa. Nikaandika namba yangu: jina, umri, mkojo usiosubiri. Sawa.

Halafu shetani akaketi kwenye mto, karibu na sikio langu.

Nikaandika namba ya mwenye nyumba wetu.

Bawasiri. Hatua ya tatu.

Jamani! Ndiyo maana! Kila akija kutazama bomba letu huongea wima, hata umsukumie kiti chenye mto. Nami siku zote nilidhani ni dharau.

Nikaandika ya pili, ya mzee mmoja ambaye mwaka juzi alinitongoza kwenye foleni ya benki akijisifu kwamba yeye bado ni kijana kila mahali. Sitasema nilichosoma. Nitasema tu kwamba si kila mahali.

Nilicheka hadi kitanda kikalia. Mhandisi akachungulia, mswaki mdomoni.

"Unacheka nini?"

"Nafanya kazi."

"Kazi gani hiyo ya kuchekea shuka?"

"Ya kliniki. Mwenye nyumba wetu, masikini, hebu tumtafutie kiti chenye tundu..."

Akaninyang'anya simu. Akatazama kioo, akanitazama mimi, akatazama kitanda. Povu la dawa ya meno likamdondokea kifuani hata asijue.

"Bibi, uko wapi?"

"Niko kitandani, umekuwa kipofu?"

"Haitakiwi kufunguka hapa. Inatakiwa kufunguka klinikini tu." Akaenda kuizima kompyuta yake, yenye ruhusa ya kuingia mtandao wa ndani wa kliniki, ili asije akawa ni yeye mwenyewe aliyeipitisha programu bila kujua, kisha akaifungua programu kwa simu yake mwenyewe. Ikafunguka. Akaketi juu ya miguu yangu.

"Wewe! Magoti!"

"Ile njia tuliyochimba ni ya kwenda tu," akasema, kama anajisemea. "Mpangaji anaingia ndani, anachota, anarudi. Basi. Haimfungii mlango wake wa mbele. Mlango wa mbele unatazama barabarani kama siku zote."

Nikamwambia aniletee vikombe. Hakuleta. Akaniambia kwa maneno matupu, na kwa hofu ile nikaelewa bila vikombe. Kabla ya Jumatatu, mwizi angeingia kwa mpangaji akute nyumba tupu. Sasa anaingia, na sakafuni kuna njia inayompeleka moja kwa moja kwenye sukari.

"Kwa hiyo mtu yeyote duniani..."

"Akiwa na namba yako ya simu, anasoma habari zako za chooni."

Kicheko kikanikauka. Nilikuwa nimesoma za wawili. Nikajiona mchafu kidogo, nikajifunika shuka.

"Basi funga huo mlango, mama."

"Siwezi. Mtandao ni wangu, programu ni ya Fundi. Mlango ni wa programu. Ufunguo anao yeye."

Akampigia hapo hapo, sauti nje ili nami nisikie.

"Mhandisi mrembo, asubuhi yote hii umenikumbuka?"

"Mlango wa mbele wa programu uko wazi."

"Hauwezi kuwa wazi. Si umeshaiunganisha na mtandao wa ndani? Basi iko ndani."

"Kuunganisha vile ni kwa kwenda, si kwa kuja. Fungua mlango wa ndani kwa ajili ya kliniki, ule wa barabarani ufunge. Usiponielewa nije nikuonyeshe."

"Naelewa, naelewa. Nani kakwambia uko wazi?"

Mhandisi akanikata jicho. "Nimejaribu mwenyewe kwa simu yangu, sasa hivi, nikiwa nyumbani." Ilikuwa kweli. Mtoto huyu hana kipaji cha uongo hata chembe, sijui karithi kwa nani.

"Sawa. Nafunga leo."

"Ukishafunga, toka nje ujaribu. Nje ya waifai ya kliniki."

"Ndiyo, mwalimu."

Simu ikakatika. Nikamwambia Mhandisi, nenda kwa Daktari Mkuu, mwambie yote, huyu kijana ni kichwa maji. Akatikisa kichwa.

"Kazi tunaigombea wawili, Bibi. Nikikimbilia kwa Daktari nitaonekana namchongea nipate nafasi. Kaahidi kufunga. Acha afunge."

"Na asipofunga?"

"Tutajaribu tena jioni, tutaona."

Tukajaribu jioni. Programu haikufunguka. Ilituandikia: *Samahani, tunafanya marekebisho.* Jumatano vile vile. Alhamisi vile vile. Mhandisi akashusha pumzi, akasema Fundi anaufunga mlango kweli, ndiyo maana ameizima programu. Siku hizo tatu alikula vizuri, akasahau hata kunipeleka kwa Daktari.

Ijumaa ikaingia, na Fundi Mawingu akaingia na viatu vipya.

Daktari Mkuu alisimama mapokezi, wagonjwa wa asubuhi wamejaa vitini wakiegemea upande huu na ule. Mimi mjaribu nimekaa mbele. Mhandisi kando ya dirisha, kompyuta kifuani. Programu ilikuwa imerudishwa asubuhi ile ile. Fundi akambonyezea mgonjwa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Majina yanatoka, zamu zinatoka, kila mtu anaficha kioo kwa bega lake. Raha tupu.

"Vizuri," akasema Daktari. "Swali langu ni moja. Hawa watu wameniamini kwa mambo ambayo hawajawaambia hata wake zao. Mtu aliye nje ya kliniki hii anaweza kuifungua?"

"Hawezi," akajibu Fundi, uso mkavu. "Mlango wa barabarani nimeufunga kwa mikono yangu. Jana nimesimama pale nje, kando ya barabara, na simu yangu. Nimejaribu mara kadhaa. Ilinikatalia."

Mhandisi akageuka. "Jana ilikuwa imezimwa kwa marekebisho. Ulijaribuje?"

"Mhandisi, tafadhali. Usinitilie shaka mbele za wagonjwa. Uliomba mwenyewe nifunge, nimefunga."

Daktari akawatazama wote wawili. "Nawauliza kwa sababu nafasi ni moja, na nitakayemchukua nitamwachia kila kitu humu ndani. Mjaribu wetu una la kusema, Bibi?"

Hapa ndipo mwanamke mwenye akili angesema hapana, Daktari, kila kitu ni kizuri, na kwenda zake. Lakini mdomo wangu na mimi hatujawahi kushauriana.

"Mimi nasema twende nje tuone," nikasema. "Barabara si iko pale?"

Fundi akacheka. Alicheka muda mrefu kuliko ilivyotakiwa.

Tukatoka: Daktari, Fundi, Mhandisi, na mimi na fimbo yangu. Tukavuka lango, tukasimama kando ya barabara karibu na mwanamke anayetengeneza miavuli. Waifai ya kliniki ikapotea simuni mwangu. Nikaandika anwani. Kile kiduara kikaanza kuzunguka. Kikazunguka. Kikazunguka.

Bando langu. Lilikuwa limeisha tangu Jumatano, kwenye ile video ya mchungaji aliyetumbukia kisimani akihubiri.

"Mnaona?" Fundi akapanua mikono. "Imekataa. Kama nilivyosema. Turudi ndani, jua kali."

Mhandisi akafumba macho. Nilimwona. Alikuwa ameshajua kwamba haijakataa, ni mimi tu sina bando, na hawezi kusema amejuaje.

Kisha simu yangu ikalia kidogo, *tii*, kwa furaha, kama mbwa aliyemwona bwana wake. Ikaungana yenyewe na kitu. Kiduara kikasimama. Programu ikafunguka hapo hapo barabarani, mwanga mwaaa, inaniuliza namba ya simu.

"Eti imekataa!" nikasema. "Daktari, njoo uone inavyokataa!"

Daktari akaichukua simu, akaisogeza karibu na miwani. Nilikuwa nacheka. Halafu nikaona haangalii programu. Anaangalia juu, kwenye kile kijimstari chenye jina la waifai.

"'Bibi Acha Video'," akasoma polepole. "Hii ni waifai ya nani?"

Mshona miavuli akaacha kushona. Nadhani hata magari yalipunguza mwendo.

Ilikuwa ya simu ya Mhandisi. Aliibatiza jina hilo mwenyewe kwa hasira, miezi mingi iliyopita, na hakuizima alipotoka nyumbani asubuhi ile, kwa ajili yangu.

Fundi Mawingu naye si mjinga wa kila kitu. Macho yakamng'aa.

"Hiyo ni simu ya Mhandisi! Mimi huiona ofisini kila siku! Daktari, ndiyo maana imefunguka. Simu yake ina ruhusa ya kuingia mtandao wa ndani. Hii si barabara, hii ni hila! Na nauliza pia: mjaribu ambaye hamjui Mhandisi, simu yake imejuaje nywila ya Mhandisi?"

"Simu yangu haina ruhusa yoyote ya ndani," akasema Mhandisi. "Kompyuta ndiyo inayo, na imezimwa. Hii ni intaneti ya kawaida. Daktari, tumia yako."

"Hayo ni maswali mawili," akasema Daktari Mkuu. "Nianze na la kwanza."

Akatoa simu yake mwenyewe mkobani. Akazima waifai mbele yetu, akahakikisha inatumia bando lake. Akaandika anwani, ananong'ona kila herufi. Tukangoja. Fundi alikuwa anafuta viatu vyake vipya kwenye mashavu ya miguu yake, kimoja baada ya kingine.

Ikafunguka.

Daktari akaandika namba yake mwenyewe. Akasoma. Kisha haraka akaifunika simu kwa kiganja, na sisi sote, hata mshona miavuli, tukatazama juu kana kwamba kuna ndege inapita.

Ndipo nikaelewa kwa nini na yeye hufanya mikutano yote amesimama.

"Fundi," akasema. Hakupaza sauti. "Ulisema jana ulisimama hapa."

"Nilisimama."

"Hapa hapa?"

"Karibu na hapa."

"Ukajaribu."

"Nilikusudia kujaribu, Daktari, ila ilikuwa imezimwa, sasa nikasema..."

"Ukasema ilikukatalia."

"Iliandika samahani. Samahani si ni kukataa?"

"Nenda ndani uizime. Sasa hivi. Kisha kaa pale hadi nikuite."

Akaenda. Suruali ile haikumruhusu kukimbia, lakini alijitahidi.

Wasomaji wangu, moyo wangu ulicheza ngoma. Nilishaona sebule yetu, kiti changu, kopo langu la sukari lisilo na kufuli. Kazi ni moja, na aliyebaki kando ya barabara ni mmoja, mwembamba, mkweli, wangu. Nikaanza kupiga hatua kurudi langoni polepole, kama mtu ambaye shughuli yake imekwisha na anawahi uji.

"Bibi."

Nikasimama.

"Kulikuwa na swali la pili." Daktari Mkuu alikuwa bado ameishika simu yangu. "Nilikuwa tayari kumpa binti huyu kazi dakika hii. Nina hamu sana ya kumpa. Lakini nimetoka kumwondoa mmoja aliyenitazama machoni akanidanganya, na sitaki kumchukua wa pili wa namna hiyo. Siku ile nilikuuliza kama unamfahamu."

"Uliniuliza, Daktari."

"Ukaniambia ndiyo kwanza unamwona."

"Kwa mbali ile, na alikuwa chini ya meza..."

"Sasa nauliza kwa karibu. Huyu ni nani kwako?"

Nikamtazama Mhandisi. Nikamkonyeza kwa jicho lile la upande wa barabara, maana yake, tulia, niachie mimi. Yeye akanitazama kama mtu anayeona kisu kikidondoka kutoka mezani na mguu wake uko chini.

"Ni jirani," nikasema. "Ukuta kwa ukuta. Ana huruma, hunigawia intaneti. Siku ile sikumtambua kwa sababu nyumbani hafungi nywele."

Sikuona kasoro yoyote katika uongo huo. Mpaka leo nauona mzuri.

Lakini Daktari hakuwa ananitazama tena. "Mhandisi," akasema, "nawe nikuulize. Huyu ni nani kwako?"

Gari la maji likapita. Nikaliomba lisimame, lipige honi, lipasuke tairi. Likapita tu.

"Ni bibi yangu," akasema mjukuu wangu. "Ndiye aliyemzaa mama. Amenilea tangu mchanga. Tunalala chumba kimoja, na alipojaribu programu Jumanne alikuwa kitandani kwake."

Mshona miavuli akasema, "Mh!"

Daktari Mkuu akavua miwani. Akaifuta kwa pindo la koti lake jeupe, upande mmoja, upande wa pili, bila haraka hata kidogo. Akaivaa. Akamtazama Mhandisi, uso haunipi habari yoyote. Kisha akanigeukia mimi.

"Jirani," akaniita.

Nami, mjinga wa kuzaliwa, nikaitika:

"Abee."